VYUMA VYA UBAVUNI MWA LORI: VYAOKOA AU VYADHURU?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa madereva, matanboi na mafundi wa tawi)



Halmashauri ya tawi imenitaka niseme juu ya vile vyuma ambavyo matajiri wengi sasa wanavifunga ubavuni mwa lori na trela, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Havikuja na lori kutoka kiwandani. Vimetengenezwa na fundi wa hapa kwetu, kila fundi na namna yake. Maneno yamekuwa mengi. Wako wanaosema kwamba vyuma hivi vinaokoa watu, na lori lisilo navyo lisitoke uwanjani. Wengine wanasema ni mzigo mtupu, vikiguswa kidogo vinakunjika, na vikikunjika dereva ndiye anayekatwa mshahara. Na katika mkutano uliopita ndugu mmoja alisimama akasema waziwazi kwamba vinaua. Mimi nasema hakuna aliyesema uwongo. Ila kila mtu alikuwa akifikiria ajali yake, na chuma chake.

Tuanze na ajali zenyewe, kwa maana ni mbili na hazifanani.

Sakafu ya trela la kontena iko juu ya ardhi kiasi cha mita 1 na zaidi. Chini yake, kutoka kwenye miguu ya trela mpaka magurudumu ya nyuma, ni uwazi mtupu ambao mtoto anaweza kupita bila kuinama. Sasa fikirini lori linageuka usiku kuingia bohari, limekatiza barabara, na motokaa ndogo inakuja mbio. Boneti ya motokaa haifiki urefu wa sakafu ile. Kwa hiyo bampa haigongi kitu, wala chuma cha mbele kilichowekwa kiwandani ili kikunjike na kumeza nguvu ya mgongano hakipati kitu cha kukikunja. Motokaa inaingia chini, na kitu cha kwanza kukutana na trela ni kioo cha mbele, kisha kichwa cha aliyeketi nyuma yake. Mkanda hauwezi kumsaidia hapo.

Ajali ya pili haina mbio yo yote. Lori linapinda kushoto polepole. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba magurudumu ya trela hayafuati njia ya magurudumu ya kabini, bali yanakata kona kwa ndani. Mwenye baiskeli au boda boda aliyekuwa ubavuni pako, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi vizuri, anashangaa kuona ubavu wa lori unamsogelea. Anautegemeza mkono, anakosa kitu cha kushika, anaanguka, naye anaangukia ndani, mbele ya tairi. Dereva hasikii hata mshindo. Husimamishwa na makelele ya watu.

Sasa chuma chetu cha ubavuni kinasaidia katika ajali ipi? Katika hii ya pili kinasaidia, na kinasaidia sana. Uingereza waliviweka vyuma hivi katika sheria ya magari katika miaka ya 1980. Baadaye hesabu zikafanywa, mwanzo wa miaka ya 1980 ukalinganishwa na mwanzo wa miaka ya 1990. Vifo vya wapanda baiskeli waliogongana na ubavu wa lori vilikuwa vimepungua kwa asilimia 61, na vya waenda kwa miguu kwa asilimia 20. Sababu si ya ajabu. Mtu akisukumwa na chuma kilicholala sawa, anaangukia nje. Atavunjika mkono pengine, lakini tairi halimpati.

Lakini msitoke hapa mkisema kwamba chuma hicho hicho kitaizuia motokaa. Tazameni kipimo chenyewe. Kanuni namba 73 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi huifuata, inataka chuma cha ubavuni kistahimili msukumo wa kilonyutoni 1. Kwa lugha ya gereji, hiyo ni kama uzito wa kilo 100. Basi kimepimwa kwa mtu mnene, hakikupimwa kwa motokaa ya kilo 1,500 inayokuja kilomita 80 kwa saa. Tajiri anayesema, "Nimefunga vyuma, sasa hata ukiegesha umekatiza barabara hakuna hatari," anasema jambo ambalo waliotengeneza kipimo hawakulisema.

Huko Marekani, katika mwaka 2017, taasisi ya usalama wa barabara inayolipiwa na makampuni ya bima, ijulikanayo kwa herufi IIHS, ilifanya jaribio ambalo ningependa kila mmoja wetu alifahamu. Walichukua trela la futi 53 na motokaa ya Chevrolet Malibu, wakaipeleka ubavuni kwa mwendo wa maili 35 kwa saa, yaani kilomita 56. Mara ya kwanza trela lilikuwa na kizuizi cha chuma chenye nguvu, kilichotengenezwa hasa kwa kazi ya kuzuia motokaa. Kizuizi kilipinda lakini motokaa haikuingia chini. Mara ya pili trela lilikuwa na bapa za faiba tu, zile za kupunguza upepo ili dizeli isiliwe sana. Motokaa ilipita bapa kama pazia, ikaingia chini ya trela, na sehemu ya paa lake ikang'oka. Baadaye mwaka ule ule kizuizi cha nguvu kikajaribiwa tena kwa maili 40, nacho kikashinda.

Ukisimama kando ya barabara, yale matrela mawili yote yangeonekana yamefunikwa ubavuni. Ndiyo sababu nawaonya juu ya kutazama kwa macho. Chuma chembamba kilichopakwa rangi nyeupe na nyekundu hupendeza, na askari wa barabara huenda akakisifu, lakini kupendeza si kazi yake.

Kwa ajali ya motokaa usiku, kitu kilicho rahisi kuliko kizuizi kikubwa ni mkanda wa kung'aa ubavuni. Marekani waliamuru matrela mapya yawe nao kutoka Desemba 1993, na uchunguzi wa serikali yao uliotoka mwaka 2001 ulionyesha kwamba gizani mkanda huo ulipunguza kugongwa kwa matrela ubavuni na nyuma kwa asilimia 29. Gharama yake ni ndogo, na tanboi mwenye kitambaa na maji anaweza kuutunza. Lakini nimeona kwa macho yangu fundi akifunga vyuma vya ubavuni juu ya mkanda ule, akaufunika. Hapo tajiri amelipa fedha ili lori lisionekane!

Sasa nije kwa ndugu aliyesema kwamba vyuma vinaua. Chuma kibaya kinaweza kuumiza, na ubaya wake karibu wote hutoka mikononi mwa fundi. Ncha ya mbele ikiachwa wazi, imenyoka kama mkuki, mwenye pikipiki anayeteleza kando ya lori atachomwa nayo. Kanuni niliyoitaja inataka ncha ya mbele ikunjwe kuelekea ndani, uso wa nje uwe laini, na kichwa cha bolti kisitokeze zaidi ya milimita 10, tena kiwe cha mviringo. Ukingo wa chini usiwe juu ya sentimita 55 kutoka ardhini, na kati ya chuma na chuma pasizidi sentimita 30. Kwetu nimepima lori ambalo chuma chake cha chini kilikuwa juu ya goti langu kwa shibiri nzima. Mtu aliyeanguka na baiskeli anapita chini yake kama kawaida. Huo ni mzigo mtupu kweli, na yule aliyelalamika hakukosea.

Jambo la pili, ndugu mafundi, ni chasisi. Chasisi za malori mengi ni chuma kilichotiwa nguvu kwa moto kiwandani. Ukikichomelea unakirudisha udhaifu pale pale ulipochoma, na ufa huanzia hapo, hasa katika barabara zetu zenye mawimbi. Watengenezaji wengi wanakataza kuchomelea, na wanakataza kutoboa ukingo wa juu na wa chini wa chasisi. Mikono ya kushikia vyuma ifungwe kwa bolti katika ubavu wa chasisi, mahali ambapo kitabu cha lori kinaruhusu. Wala mipira ya upepo wa breki isifungwe kwenye vyuma hivi. Chuma kimewekwa ili kigongwe, na siku kitakapogongwa hutaki kiondoke na breki zako.

Matanboi, kwenu nina neno moja. Chuma cha ubavuni si ngazi wala si kiti. Kinavumilia kusukumwa kutoka pembeni, hakikutengenezwa kubeba mtu anayerukaruka lori likienda.

Na wale wenye pikapu waliouliza juu ya mabomba ya kukanyagia yanayofungwa chini ya milango: yamekaa chini ya kizingiti cha mlango, na bampa ya lori au ya basi itapita juu yake. Kwa kupandia ni mazuri. Kwa ajali ya ubavuni msiyategemee.

Sasa mshahara. Wanachama kadhaa wamekatwa fedha kwa sababu ya vyuma vilivyokunjika, na mmoja wao chuma kilikunjika kwa kumzuia mwenye baiskeli asiingie chini ya tairi. Alimwokoa mtu, mwisho wa mwezi akalipishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Kupinda kwa chuma ambacho kazi yake ni kupinda si makusudi ya dereva. Tena kukata huku kunaleta hatari nyingine: dereva anayeogopa kukatwa hukinyosha chuma kwa nyundo kando ya barabara na kunyamaza, na chuma kilichokwisha kulegea kinatoka tena kesho kama kizima.

Wenye malori nao wana neno lao, na ni haki kulisikia. Uzito wa vyuma unahesabiwa kwenye mizani ya Mariakani kama uzito mwingine wo wote, na kikomo cha juu kabisa katika nchi za Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori zima na mzigo wake. Kilo za chuma ni kilo zilizotoka katika mizigo. Pia chuma kisichofunguka kinamzuia tanboi kufikia gurudumu la akiba. Haya yana dawa. Chuma kinaweza kufungwa kwa bawaba, na kanuni ile inaruhusu tangi la dizeli, sanduku la betri na gurudumu la akiba vihesabiwe kuwa sehemu ya kizuizi vikikaa katika mstari unaotakiwa, kwa hiyo si lazima chuma kijae ubavu wote.

Halmashauri inapendekeza kwamba katika mapatano yajayo tudai mambo haya: vyuma vifungwe kwa vipimo nilivyovitaja, kwa bolti na si kwa kuchomelea, mkanda wa kung'aa usifunikwe, chuma kilichopinda kiandikwe katika daftari la lori na kubadilishwa kwa gharama ya mwenye lori, na makato yaliyokwisha fanywa yarudishwe. Jumamosi asubuhi mafundi wawili watakuwa uwanjani na utepe wa kupimia. Kila dereva alete lori lake kabla ya kupakia, nasi tutaandika urefu wa ukingo wa chini, hali ya ncha ya mbele, na jinsi mikono ilivyofungwa. Wale waliokatwa mshahara walete karatasi ya malipo ya mwezi ule. Katibu atakuwa na meza chini ya mwembe.