Uyoga na asali ya Bibokoboko: tunataka haki ya kuuza
(Maneno kwa vijana, Baraka)



Kila tukikutana hapa, mutu anauliza: kazi iko wapi? Leo nitasema juu ya uyoga. Musicheke.

Wengi wenu mulikuja Baraka mukikimbia, hasa ule mwaka wa 2021 nyumba za Bibokoboko zilipochomwa. Munajua kule juu mvua ikianza uyoga unaota wenyewe, kumbikumbi wanatoka, na asali iko ndani ya miti.

Uyoga mubichi ni maji, karibu sehemu 9 kwa 10. Mama anayeshuka mulima na kilo 10 kichwani amebeba kilo 9 za maji, na ule usiouzwa jioni unaoza. Ukaushwe kule kule, kwenye chanja, kilo moja kavu ishuke: hiyo inaweza kungoja munuzi. Na uyoga ambao wakoko wetu hawaujui, usiuguse hata kama unapendeza. Muteja mumoja akifa, biashara yote imekwisha.

Asali vilevile. Tunachoma nyuki, tunakamua masega pamoja na watoto wao, kisha tunashangaa imechacha! Sega ambalo nyuki wenyewe wamelifunika kwa nta ndilo limeiva. Kipimo cha kimataifa kinataka maji yasipite asilimia 20. Kungoja sega liive hakuombi mashine.

Sasa ile inayoniumiza. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inatambua haki yetu ya kuchuma kufuata desturi, kwa mahitaji ya nyumba. Lakini kifungu cha 37 kinakataza kuuza tulichochuma kwa haki hiyo, isipokuwa matunda na mazao ambayo gavana wa jimbo ameyaweka kwenye liste. Nani kati yenu amekwisha kuiona hiyo liste? Mimi hapana. Basi mama akisimamishwa kwenye bariera na kikapu chake, hana karatasi ya kujibu. Anatoa franka, ao anaacha kikapu.

Iko na dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014: jamii inaweza kuomba musitu wake wa desturi, mpaka hekta 50.000, bure na bila mwisho wa muda. Ni nzuri sana. Lakini inaomba Wabembe, Wanyamulenge, Wanyindu na Wafuliiru wa kule wakae chini na kuonyeshana mipaka, na mutu aliye kambini ataonyesha mupaka gani? Ile itangoja amani, na wahami warudi.

Liste haingoji. Barua kwa gavana wa Kivu ya Kusini iko hapa mezani. Tunaomba aitangaze, na ndani yake tuone uyoga, asali na kumbikumbi. Nimeacha nafasi kwa majina ya uyoga katika Kibembe na Kinyamulenge, ju mimi mutoto wa muji siyajui. Nani anaanza?