Betri ya Gari la Chama: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utunzaji wa mali ya chama. Mali ni nyingi na muda ni mfupi. Kwa hiyo nimechagua kitu kimoja ambacho nakutana nacho mara kwa mara katika hati za malipo, nacho ni betri ya gari. Vyama vyetu vingi havina magari mapya. Tunazo pikapu na malori yaliyokwisha kufanya kazi miaka kumi na tano, ishirini au zaidi. Asubuhi moja dereva huja ofisini akasema, "Katibu, gari haliwaki, betri imekufa." Siku hiyo hiyo hati huandikwa, fedha hutoka, na betri mpya huletwa. Swali langu ni hili: nani alipima?

Chama kimoja, ambacho sitakitaja jina, kilinunua betri tatu kwa pikapu moja katika muda wa miaka miwili. Wanachama wakaanza kunong'ona kwamba katibu anashirikiana na mwenye duka. Alipoitwa fundi umeme, alikuta mkanda wa alternata umelegea na waya wa bodi umeliwa na kutu. Betri zilikuwa zikifa kwa kukosa chaji. Katibu hakuwa mwizi. Lakini fedha za wanachama zilikuwa zimekwisha kutoka, na jina lake lilikuwa limekwisha kuchafuka.

Ndugu zangu, betri ni kama kasha la fedha. Mkikuta kasha tupu, hamkimbilii kununua kasha jipya. Mnauliza mambo matatu: Je, mapato yaliingia? Je, kuna matumizi ya siri? Au kasha lenyewe limetoboka? Betri nayo huishiwa nguvu kwa sababu hizo tatu: alternata haiijazi, kuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa, au betri yenyewe imezeeka. Ni sababu ya tatu peke yake inayohalalisha kununua mpya.

Kwanza, tutumie macho na mikono. Tuangalie vichwa vya betri: vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au vikilegea, umeme haupiti vizuri, na gari laweza kukataa kuwaka ingawa betri ni nzima. Visafishwe na kukazwa. Tuangalie mkanda wa alternata. Tuangalie maji, ikiwa betri ni ya kufunguliwa. Yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri, si asidi, wala si maji ya bomba. Lakini betri iliyovimba au kupasuka haina dawa, hiyo ibadilishwe.

Pili, tupime kwa voltimita. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila kimoja hutoa volti 2 na kidogo. Gari lilale usiku mzima bila kuwashwa, kisha tupime asubuhi. Kipimo kikionyesha volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu, na 12.0 ni karibu robo tu. Lakini kipimo cha chini hakithibitishi kwamba betri imekufa. Kinathibitisha kwamba haina chaji, na bado hatujajua kwa nini.

Tatu, tupime mapato. Injini ikiwa inanguruma, voltimita iwekwe tena kwenye vichwa vya betri. Kwa kawaida isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, alternata haichaji, na betri mpya nayo itaisha baada ya siku chache. Ikipanda kupita 15, betri inachemshwa, na mpya nayo itachemshwa vivyo hivyo. Katika hali zote mbili, fedha ziende kwa fundi kabla ya kwenda dukani.

Nne, tutafute matumizi ya siri. Betri ichajiwe hadi ijae, kisha waya hasi ufunguliwe usiku kucha. Asubuhi waya urudishwe na gari liwashwe. Likiwaka vizuri siku hiyo, lakini likashindwa kila linapolala na waya umefungwa, kuna mnyonyaji: pengine redio, pengine taa ya ndani isiyozimika, pengine waya uliochubuka.

Tano, ndipo tuihukumu betri yenyewe. Ikiwa mapato ni mazuri na hakuna unyonyaji, betri ichajiwe polepole hadi ijae na ilale usiku mmoja ikiwa imefunguliwa. Ikishuka tena asubuhi, haishiki chaji. Au ikiwa imejaa, lakini wakati stata inazungusha injini kipimo kinaporomoka chini ya volti 9.6, nguvu zake zimekwisha. Fundi mwenye haidromita anaweza pia kupima maji ya kila chumba; chumba kimoja kikiachana sana na vingine, betri hiyo imeharibika.

Tufanyapo kazi hii, tukumbuke kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Sigara na moto vikae mbali. Waya hasi utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kufungwa. Asidi ikimrukia mtu, aoshwe mara moja kwa maji mengi.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba nahimiza ubahili. Joto hufupisha maisha ya betri, na nyingi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. Betri yenye umri huo, iliyoshindwa katika vipimo, ikibadilishwa kabla ya msimu, chama kimeokoa fedha. Ikiachwa hadi lori ligome kituoni, huku mazao ya wakulima yamelundikwa na mvua inakaribia, hasara yake itapita mara nyingi bei ya betri. Na kwa malori yatumiayo betri mbili kwa pamoja kupata volti 24, zote mbili zibadilishwe pamoja. Betri nzee huivuta mpya chini.

Mwisho, nasema kama mkaguzi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila betri iandikwe katika kitabu cha gari: tarehe iliyonunuliwa, ukubwa wake, na muda wa dhamana. Risiti na kadi ya dhamana vikae katika faili la chama, si mfukoni mwa dereva. Maana betri ikifa ndani ya dhamana, duka linawajibika. Hati ya malipo iambatane na karatasi ya fundi yenye vipimo nilivyovitaja. Betri ya zamani nayo ni mali ya chama: ina risasi ndani, wanunuzi wa vyuma chakavu huitafuta, na fedha yake yapasa iingie katika vitabu. Isitupwe shambani wala kuvunjwa nyumbani, kwani risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Mwanachama akiuliza katika mkutano mkuu kwa nini betri ilinunuliwa, katibu aliyepima atafungua faili na kusoma. Asiyepima atabaki kuapa, na kiapo hakiingii katika hesabu.