Darubini Ikielekea Kusikofaa: Pima Kosa Kabla ya Kuiita Mbovu

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa walimu, walezi wa vilabu vya sayansi na wazazi wa Laikipia.

 

Kazi yangu ni habari, na mwandishi wa habari hufunzwa kuuliza: wapi, lini, nani? Darubini inayoendeshwa na kompyuta huuliza maswali hayo hayo. Niko wapi? Sasa ni lini? Nyota ninayoonyeshwa ni ipi? Ikipewa jibu moja lisilo kweli, itapiga hesabu sahihi juu ya jibu hilo, kisha mota zake zitaielekeza pasipo na kitu.

Nalizungumzia jambo hili kwa sababu darubini ya shule ni mali ya umma. Watoto wakikusanyika usiku kuona pete za Zohali, nayo ikaelekea kwenye paa la darasa, ni rahisi kuirudisha kwenye sanduku na kuandika "mbovu" katika daftari la stoo. Baada ya hapo hakuna anayeigusa. Huenda haina ubovu wowote ila tarakimu mbili zilizoandikwa vibaya. Kwa hiyo ombi langu ni moja: kabla ya kumwita fundi, pima ukubwa wa kosa. Ukubwa huo mara nyingi hukutajia chanzo chake.

Vipimo unavyo tayari. Nyosha mkono wako mbele ya uso. Upana wa kidole kidogo ni kama nyuzi 1 ya anga, vidole vitatu vya kati ni kama nyuzi 5, ngumi ni nyuzi 10, na shubiri iliyotandazwa ni kama nyuzi 20. Kumbuka pia kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Basi saa ikikosewa kwa saa moja, darubini hukosea kwa nyuzi 15, yaani ngumi moja na nusu.

Tuchukue mfano. Tarehe 5 Agosti, saa mbili usiku, nyota nyekundu ya Antares katika kundinyota la Nge huwa juu sana upande wa kusini tukiitazama kutoka Nanyuki. Umeiambia darubini iifuate, nayo ikaenda kwingine. Imekwenda wapi?

Ikiwa imeelekea magharibi, karibu na upeo wa macho, angalia saa kwanza. Sisi tunasema saa mbili usiku, lakini rimoti ya darubini inataka 20:00. Aliyeandika 2:00 ameihamisha mbingu kwa robo ya mzunguko. Aliyeandika 8:00 bila kuchagua kwamba ni usiku ameigeuza mbingu nusu nzima, na darubini itaitafuta Antares chini ya ardhi au itakataa kwenda. Kama saa ni sahihi, angalia ukanda wa saa. Kenya ni +3. Ukiweka -3 umekosea kwa saa sita, na hizo ni nyuzi 90.

Ikiwa imeelekea mashariki, karibu kabisa na upeo wa macho, angalia tarehe. Darubini nyingi hutaka mwezi uandikwe kwanza, kisha siku. Ukiandika 05/08 kwa mtindo wetu, yenyewe inasoma tarehe 8 Mei. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 89, na mbingu husogea karibu nyuzi 1 kila siku. Usiku wa tarehe 8 Mei saa kama hiyo, Antares ndiyo kwanza inachomoza.

Ikiwa imeelekea mashariki lakini juu kidogo ya upeo wa macho, kama ngumi moja na nusu, angalia longitudo. Nanyuki iko takriban nyuzi 37 Mashariki. Herufi W ikibaki mahali pa E, darubini itadhani iko katika bahari ya Atlantiki, nyuzi 74 kutoka hapa.

Na ikiwa imekosa kwa ngumi moja na nusu tu, ikibaki upande wa mashariki wa nyota, tafuta mahali palipoandikwa saa za majira ya joto. Nchi kadhaa za ng'ambo husogeza saa mbele wakati wa kiangazi chao. Kenya haifanyi hivyo. Zima.

Latitudo nayo isisahaulike. Laikipia imekaa juu ya ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ni karibu sifuri. Ukikuta 51, darubini inadhani iko London.

Kama majibu yote ya wapi na lini ni sahihi, nenda kwenye swali la tatu: nyota ipi? Alfa Centauri na Beta Centauri ziko jirani upande wa kusini, zote zinang'aa, na kati yake pana kama nyuzi 4 na nusu. Darubini ikikosa kila mara kwa upana wa vidole vitatu hivi, pengine ulithibitisha jirani badala ya mwenyewe. Usithibitishe Zuhura au Mshtarii pale rimoti inapotaka nyota. Sayari hung'aa kuliko nyota nyingi na humpoteza anayeanza.

Sasa njoo kwenye chuma. Ikiwa kosa ni lile lile kushoto au kulia kila unakoelekea, kaskazini uliyoanzia si kaskazini. Shika dira mbali na gari, mabati na mota za darubini, kwa sababu chuma huivuta sindano. Ikiwa kosa hubadilika kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, weka pimamaji juu ya miguu mitatu uhakikishe stendi imekaa sawa. Kama nyota imo katika darubini ndogo ya kulengea lakini haionekani katika ile kubwa, zilinganishe mbili hizo mchana kwa kulenga mlingoti wa mbali. Kama rimoti inazimika au mota zinakwenda kwa kusitasita, jaribu betri zilizojaa na ukaze nyaya. Ikiwa mota inanguruma na bomba halisogei, kaza klachi. Vipimo vyote hivi vikishindwa, ndipo fundi aitwe.

Onyo moja kwa wanaofanya majaribio ya mchana: funika lenzi ya mbele darubini inapojizungusha yenyewe, na kamwe usielekee jua bila kichujio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kufungwa mbele ya darubini. Jua kupitia darubini hupofusha jicho kwa muda mfupi mno.

Mwisho, bandika kadi ndani ya kifuniko cha sanduku, iandikwe hivi kwa walio Nanyuki: latitudo 0° 1′ Kaskazini, longitudo 37° 4′ Mashariki, ukanda wa saa +3, saa za majira ya joto zimezimwa, mwezi kabla ya siku, saa kwa mtindo wa 24. Walio Nyahururu waandike 0° 2′ Kaskazini na 36° 22′ Mashariki. Mwalimu anaweza kuhamishwa wakati wowote, lakini kadi itabaki, na mwalimu atakayepokea sanduku hilo ataweza kuwaonyesha watoto Zohali usiku wa kwanza.