Mistari ya Povu Baharini



Kusi ikivuma, baharini huonekana mistari ya povu na mwani ikifuata upepo. Mwaka 1927 mwanasayansi Mmarekani, Irving Langmuir, aliiona akivuka Atlantiki. Mwaka 1938 akaeleza: chini yake maji huzunguka kama mapipa yaliyolazwa. Penye mstari yanazama, kati ya mistari yanapanda.

Nani huyazungusha? Craik na Leibovich walionyesha mwaka 1976 kuwa ni upepo na mawimbi pamoja. Kila wimbi likipita husogeza maji ya juu mbele kidogo, na yakikutana na mkondo wa upepo, mzunguko huanza. Hivyo joto na hewa hushuka chini. Subhanallah, wimbi halipiti bure!

Lakini jamani, kinachoelea hukusanyika penye mstari: mwani, visamaki, na plastiki pia. Kasa huja kula hapo hapo. Chupa uliyoiacha ufuoni baada ya futari haijapotea, imeandaliwa mwingine.

Tumefundishwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Bahari nayo ni njia. Leo tukimaliza kufuturu, tuokote zetu.

Wabillahi tawfiq.