Somo la Redio: Sauti Tatu Zipatanazo

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni herufi tatu: d, m, s.

Herufi hizi mmekwisha kuzijua. Leo mtazisoma kwa kuimba. Nyimbo nyingi za kwaya zetu huandikwa kwa herufi: d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la, t ni ti. Asiyejua kusoma hungoja mwenzake amwimbie mpaka akariri. Mwenzake akikosea, naye hukosea. Ajuaye kusoma hutazama karatasi mwenyewe.

Sasa, mwalimu, gawa darasa mafungu matatu. Fungu la kwanza, imbeni do, wala msiiache. Fungu la pili, ingieni na mi. Fungu la tatu, so.

(Darasa linaimba.)

Mmesikia? Sauti ni tatu, lakini zinakaa pamoja kama mafiga chini ya chungu. Wapiga gitaa huliita fungu kama hili kodi. Si ile kodi tunayolipa serikalini! Na kodi hii ya do, mi, so huitwa meja.

Kwa nini zinapatana? Sauti ni mtikisiko wa hewa. Fikirini watu watatu wakitwanga mpunga, kila mmoja na kinu chake. Wanaanza pamoja. Kwa muda ule ule, wa kwanza anapiga mchi mara 4, wa pili mara 5, wa tatu mara 6. Katikati michi inapishana; kisha yote mitatu inashuka pamoja tena, na mwendo unaanza upya. Sauti nazo ni hivyo. Do ikitikisa hewa mara 400 kwa sekunde moja, mi hutikisa mara 500, na so mara 600. Sikio halihesabu, lakini husikia makutano hayo, likaridhika.

Sasa tufanye hesabu. Kwenye shingo ya gitaa mna vyuma vidogo vilivyolala. Kidole kikipanda chuma kimoja, sauti hupanda hatua moja. Andikeni:

do hadi re, hatua 2
re hadi mi, 2
mi hadi fa, 1
fa hadi so, 2
so hadi la, 2
la hadi ti, 2
ti hadi do ya juu, 1

Basi toka do hadi mi ni hatua 4, na toka mi hadi so ni 3. Jumla ni 7. Mi ikishuka hatua moja tu, tunapata 3 na 4. Jumla bado ni 7, lakini si meja tena. Huitwa maina, na wengi huisikia kama yenye huzuni. Kwa hiyo, fungu la pili, ninyi mlio katikati ndio walinzi wa meja. Wa chini watawavuta, na wa juu watawavuta. Wasikilizeni, lakini msiwafuate.

Wala msidhani kwamba mapatano haya yametoka vitabuni. Wagogo wa Dodoma huimba kwa sauti zinazopangana namna hii, nao hufundishana kwa sikio. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka nyimbo na ilimba za kwao mpaka majukwaa ya Ulaya. Herufi hazikuumba sauti. Zinatusaidia kuzishika zisipotee.

Kazi ya nyumbani: andikeni f, l, d. Hesabuni hatua toka fa hadi la, kisha toka la hadi do ya juu. Je, hii ni meja au maina? Mkisha kuhesabu, imbeni, sikio lithibitishe.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.