Majina ya Watumishi Wawili katika Mmea Mmoja



Katika sehemu kavu za Kenya na Tanzania, juu ya miamba iliyo wazi, huota kichaka kinachovumilia jua kali na uhaba wa udongo. Wataalamu wa mimea hukiita Sacleuxia newii. Neno la kwanza limetokana na jina la padre Mkatoliki kutoka Ufaransa, Charles Sacleux. Neno la pili limetokana na jina la mmisionari Mmethodisti kutoka Uingereza, Charles New. New alifariki mwaka 1875, naye Sacleux akafika Zanzibar mwaka 1879. Hawakuonana hapa duniani, na madhehebu yao siku zile yalitazamana kwa mashaka makubwa. Hata hivyo, kichaka hicho kimewaunganisha, na hakuna aliyekiuliza kama kilibatizwa kwa maji mengi au machache.

New alifika pwani mwaka 1863, akafanya kazi Ribe, karibu na Mombasa, pamoja na mwenzake Thomas Wakefield. Mwaka 1871 alifunga safari kwenda Uchagani. Alipopata ruhusa ya Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, alipanda Kilimanjaro. Jaribio la kwanza lilishindikana. Katika jaribio la pili wapagazi waliishiwa nguvu kwa baridi, mmoja baada ya mwingine, wakabaki nyuma. Msaidizi wake Tofiki aliendelea naye, na New akafika kwenye theluji.

Akiwa njiani, New alichuma mimea ya kila ukanda wa mlima, kuanzia mashambani hadi kule ambako miti imekoma. Mimea hiyo ilipelekwa Bustani ya Kew, London, ambako mtaalamu Joseph Hooker aliichunguza. Wataalamu wa Ulaya waliiona mimea hiyo ya sehemu za juu za Kilimanjaro, wakatambua kwamba ina undugu na ile ya milima ya Ethiopia na ya kusini mwa Afrika. Ua moja la huko juu, ambalo petali zake ni kavu kama karatasi, linaitwa Helichrysum newii hadi leo. Miaka 22 baada ya safari hiyo, mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walifika Machame na kuanzisha kazi ya Kilutheri, ambayo matunda yake yanaonekana hata katika sharika za Kinondoni na Temeke.

Sacleux alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1856, akajiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, na kuanzia mwaka 1879 hadi 1898 alitumika Zanzibar na Bagamoyo. Umaarufu wake haukutokana na kupanda mlima, bali na kusikiliza. Alisikiliza mabaharia, wavuvi, wakulima na waganga, akaandika kila neno pamoja na mahali linaposemwa. Alipoambiwa jina la mti, hakuridhika na jina tu. Alitaka tawi, jani, ua na tunda. Mimea aliyoikusanya ilipelekwa Paris, na mtaalamu Henri Baillon akamheshimu kwa kuiita jenasi nzima Sacleuxia.

Yafaa kueleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, maana haikuwa mchezo. Tawi lenye maua hutandazwa katikati ya karatasi zinazonyonya maji, kisha hubanwa kwa mbao na kamba. Karatasi hubadilishwa kila mara hadi mmea ukauke. Katika pwani yenye unyevu, ukungu huingia kwa usiku mmoja, na mchwa hawamngoji mtu amalize sala. Kila kielelezo huandikiwa mahali kilipochumwa, tarehe na jina lake la kienyeji. Bila maandishi hayo, jani lililokauka halimfundishi mtu kitu.

Wako waliowakusanya wadudu pia. Huko Kenya, K. St. Aubyn Rogers wa Kanisa la Anglikana alikusanya vipepeo na kuvituma kwa Profesa Edward Poulton wa Oxford. Poulton alichunguza jinsi kipepeo asiye na sumu anavyofanana kwa rangi na yule mwenye sumu, ili ndege wamwache.

Hapa swali linazuka. Je, ilikuwa halali kwa mtu aliyewekewa mikono ahubiri Injili kutumia saa zake kwa majani na vipepeo? Swali hili si la kupuuzwa. Mtumishi anaweza kujificha nyuma ya kazi njema ili akwepe kazi aliyoitiwa. Lakini Maandiko yanatuambia kwamba hekima ya Mfalme Sulemani ilihusu miti na wanyama, ndege na samaki. Isitoshe, mhubiri asiyejua miti atatafsirije Neno? Zakayo, katika Biblia yetu ya Kiswahili, alipanda mkuyu. Mkuyu ni mti uleule unaoota Palestina na unaoota kando ya mito yetu. Msikilizaji aliyewahi kuupanda utotoni anajua kwamba matawi yake huanza chini, na kwamba hata mtu mfupi anaweza kuukwea. Hapo habari ya Zakayo haihitaji maelezo mengi. Ujuzi wa miti umeitumikia Injili.

Sacleux alirudi Ufaransa, lakini hakuiacha pwani. Sarufi zake mbili za Kiswahili zilichapishwa mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ikaanza kutoka Paris mwaka 1939, alipokuwa na umri wa miaka 83. Ndani yake majina ya mimea yamewekwa pamoja na majina ya kitaalamu, lahaja kwa lahaja. Alifariki mwaka 1943.

Ndugu wapendwa, heshima hiyo ina upande wake wa huzuni. Mmea una majina ya wageni wawili. Wako wapi waliowaonyesha njia? Nani alimwambia Sacleux, “Mti huu twauita hivi, na mizizi yake yatibu ugonjwa huu”? Wachagga walikuwa wameichuma na kuitumia mimea mingi ya mlimani kabla Hooker hajafungua karatasi zake London. Tofiki tunamjua kwa sababu New alimtaja. Wengi wa wale waliobeba, waliochuma na waliofundisha hawakuandikwa popote. Si haki kumlaumu aliyeandika kuliko asiyeandika kitu. Lakini si haki pia kumshukuru mwandishi na kumsahau mwalimu wake. Tena vielelezo vilivuka bahari wakati nchi zenyewe zilikuwa zikiingia mikononi mwa watawala wa kigeni, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa hapa hakuweza kuviona. Leo, namshukuru Mungu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, na ya taifa iko Arusha.

Somo hili liko karibu nasi kuliko Kew na Paris. Mitaa ya jiji hili imepewa majina na miti: Mikocheni kwa ajili ya mikoche, Mkwajuni kwa ajili ya mkwaju, Mwembechai na Mwembeyanga kwa ajili ya miembe. Mtoto wa Mikocheni anaweza kumaliza shule bila kuonyeshwa mkoche hata mmoja. Msitu wa Pande na ile ya Pugu na Kazimzumbwi imebaki kama mabaki ya vazi lililochanika, huku mkaa na viwanja vikiendelea kuivuta. Mti ukitoweka, jina hubaki kwa muda. Baadaye nalo huwa sauti isiyo na maana.

Na ndivyo ilivyo kwa usharika unaotimiza miaka 100. Majina ya wachungaji yamo katika vitabu vya kanisa. Lakini nani alibeba mawe ya msingi? Mwinjilisti gani alitembea kwa miguu kufundisha kipaimara? Mama yupi aliupanda mwembe ambao chini yake ibada zilifanyika kabla ya kuwa na paa? Wazee wanaojua majibu hayo wanapungua kila mwaka. Vijana waende kwao na daftari, kama padre yule alivyowaendea wavuvi, na wasiridhike na jina tu. Waulize mahali, mwaka na kazi iliyofanyika. Na kila mti wa uwanja wa kanisa upewe kibao chenye jina lake la Kiswahili, pamoja na jina la aliyeupanda kama bado linakumbukwa.

Mungu aliyemwachia Adamu kazi ya kuwapa viumbe majina atusaidie kuyatunza. Amina.