Kesi ya pango unaipoteza siku unayohamia

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa tawi letu Jumamosi iliyopita. Wengi waliokosa wameomba niyaweke hapa.)

 

Nilipangiwa nizungumzie Katiba. Lakini nilipouliza pale mlangoni nani amepanga, karibu kila mkono ulinyooka. Basi Katiba itanisubiri kidogo, leo tuongee kodi.

Nikiwa kidato cha tano tuliishi Tabata, mama, mdogo wangu na mimi, chumba na sebule. Kodi 80,000 kwa mwezi. Mama alilipa miezi sita, 480,000, mkononi, bila kuandikishiana. Alisema, "Yule mzee mtu wa dini, nitamdai karatasi kweli?" Na kweli mzee hakuwa na shida. Shida ni kwamba alifariki mwezi wa pili. Arobaini haijafika, mtoto wake mkubwa akaja: hiyo hela haitambui, tulipe upya au tutoke. Mama akaenda kwa mjumbe, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kote aliulizwa swali moja: "Mama, una maandishi?" Tukahamia kwa shangazi na magodoro mawili.

Nilipoanza kusoma sheria nikakuta kitu kilichoniuma zaidi. Mama alikuwa na haki! Mkataba wa mdomo wa muda mfupi nao ni mkataba, na mrithi anarithi nyumba pamoja na ahadi za marehemu. Haki alikuwa nayo, alichokosa ni cha kuonyesha. Ndiyo maana nasema kesi ya pango unaipoteza siku unayohamia, siyo siku unayofukuzwa.

Zamani nchi hii ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na mwenye njaa ya chumba hana nguvu ya kupatana. Tulichobaki nacho ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Inasema mpangaji anayelipa na kutimiza masharti akae kwa amani, bila kubughudhiwa. Na kama unalipa mwezi kwa mwezi bila muda maalumu, anayetaka kuvunja mkataba lazima atoe notisi isiyopungua mwezi. Siyo "kesho nisikukute".

Sasa tufanyeje?

Kwanza, mkataba wa maandishi. Majina kamili, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya muda gani, nani anatengeneza nini. Kila mmoja abaki na nakala yake, na mashahidi wasaini. Ulipiwe ushuru wa stempu, maana usipolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi.

Pili, hela ipite kwenye simu au benki, kwa jina la mwenye nyumba. Siyo kwa dalali, siyo kwa mtoto wa mwenye nyumba.

Tatu, kabla hujaingiza hata ndoo, piga picha. Ukuta wenye ufa, sinki lililopasuka, kitasa kibovu. La sivyo siku ya kutoka utaambiwa umevunja wewe.

Nne, LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ile ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni wewe. Andikeni kwenye mkataba utarudishiwa vipi.

Hapa kaka mmoja alininyooshea mkono: "Dada, ukidai mkataba, chumba anapewa mwingine." Ni kweli, sitawadanganya. Kwa hiyo fanyeni hivi. Jioni ile ile uliyolipa, tuma ujumbe: "Shikamoo mzee, nimekukabidhi 480,000, kodi ya miezi sita, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti. Asante." Akijibu "nimepata mwanangu", tayari umeandikishana naye bila ugomvi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi. Usiufute, na ukibadilisha simu uhamishe.

Mgogoro ukianza, usiache kulipa kodi kwa hasira, utampa sababu. Andika barua, baki na nakala. Akija na vijana kung'oa mlango, usipigane. Piga picha, ita mwenyekiti wa mtaa, karipoti polisi. Kisha nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huna hela ya wakili? Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tafuta wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe.

Makamanda, haya yote ni mwavuli, mvua bado inanyesha. Tunahitaji sheria mpya ya upangaji, inayoweka ukomo wa kodi ya kulipa mbele na kulazimisha mkataba wa maandishi. Hiyo tuidai kwenye kila jukwaa. Na ninyi mnaojiandaa kugombea uenyekiti wa mtaa, mkipata ofisi, mama akija mikono mitupu msiishie kumuuliza "una maandishi?" Muiteni na mwenye nyumba, muwaandikishe.

Mama yangu siku hizi ana daftari la kodi, kila malipo na sahihi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba wake hajawahi kumkasirikia kwa hilo. Leo jioni, kabla hujalala, tafuta risiti yako ya mwisho. Kama huna, tuma ule ujumbe.